Setilaiti Iliona Wingu, Haikuona Mvua: Kisa cha Kahawa Iliyolowa Kibosho

Mwezi Agosti, katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa upande wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi, kahawa iliyokuwa imebakiza siku mbili tatu kukauka ilinyeshewa ikiwa wazi mezani. Radi haikupiga, upepo haukuvuma. Manyunyu yalianza saa nne asubuhi, yakakolea yakawa mvua, yakadumu zaidi ya saa nzima, kisha jua likatoka. Maturubai yalikuwa yamekunjwa pembeni kwa sababu simu ya katibu ilionyesha siku kavu mpaka usiku.

Lawama zilianza kabla ya kahawa kuacha kudondosha maji. Wapo waliosema katibu ameponzwa na simu. Wapo waliosema utabiri wa setilaiti haufai kwa mlima huu, na hela ya bando ingenunua maturubai zaidi. Nimekaa na wahusika, nimezitazama picha za setilaiti za asubuhi ile moja baada ya nyingine, na sioni kauli hata moja kati ya hizo inayoeleza kilichotokea. Kisa kinastahili kufafanuliwa, maana mazingira yaleyale hurudi kila kipupwe kwenye ukanda wote wa migomba na kahawa kuanzia Machame mpaka Marangu.

Asubuhi ile

Kahawa ikishamenywa, ikachachuka na kuoshwa, hupanda mezani ikiwa na unyevu wa asilimia 50 au zaidi. Inatakiwa ishuke mpaka asilimia 11 au 12, na mambo yakienda vizuri huchukua wiki moja hadi mbili. Siku za mwanzo maji kidogo hayaiumizi sana, kwa kuwa bado ni mbichi. Hatari iko mwishoni. Punje iliyokwisha kusinyaa ikirudishiwa maji hupauka, hushika ukungu chini ya ganda pasipoonekana, na waonjaji huigundua kwenye kikombe hata kama kwa macho imependeza. Mkulima hulipwa kwa ubora, kwa hiyo saa moja ya manyunyu inaweza kula kazi ya miezi ya kupalilia, kupogoa na kuchuma.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kupokea kahawa mbivu kutoka kwa wanachama, na meza zilikuwa zimejaa. Kila saa ya jua ilihitajika. Mama anayesimamia meza alisita kufunua.

“Katibu, tungoje kidogo. Wingu bado limelala msituni.”

“Mama, hapa inaonyesha hakuna mvua leo. Na kesho tunapokea, tutaanika wapi?”

Wakafunua saa mbili. Baadhi ya akina mama wakaenda kuchuma, wengine wakabaki kuchambua. Manyunyu yalipoanza, meza zilizo karibu na stoo ziliwahiwa, za mbali hazikuwahiwa. Kahawa ya meza hizo ilitengwa, ikakaushwa upya peke yake, na ilipouzwa bei yake ilikuwa chini ya nyingine zote za msimu huo.

Ni rahisi kukigeuza kisa hiki kuwa shindano la mama na simu, na mama ameshinda. Sikubaliani na usomaji huo. Unatufanya tuache kuuliza jambo la maana zaidi: kwa nini mtambo wenye thamani kubwa hivyo, unaoitazama Afrika usiku na mchana, ulishindwa kusema kile ambacho wingu la msituni lilikuwa linakisema waziwazi?

Utabiri ulikuwa wa wapi

Jambo la kwanza tulilolikagua lilikuwa jina la mahali kwenye programu ya simu. Liliandikwa “Moshi”. Na Moshi mjini siku ile haikudondoka hata tone. Kwa mahali palipoulizwa, utabiri ulikuwa sahihi kabisa.

Mji uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa kukaushia wa chama kile uko kwenye mita 1,400 hivi. Kwa daladala ni mwendo mfupi, lakini kwa mvua ni nchi mbili. Mjini hunyesha karibu milimita 900 kwa mwaka. Ukipanda mteremko wa kusini mvua huongezeka kila unapopita vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, mpaka kwenye msitu, mita 2,200 hivi, ambako hufika karibu milimita 3,000. Juu ya hapo hupungua tena kwa kasi, na kileleni Kibo ni pakavu kama jangwa. Kila mtu aliyekulia huku analijua hilo bila namba: mtu hushuka kutoka Uru na koti lenye unyevu akawakuta wa sokoni Mbuyuni wakijifuta jasho.

Modeli za utabiri, yaani hesabu za kompyuta zinazokisia hali ya hewa ijayo, haziuoni mteremko huo kama tunavyouona sisi. Ile ya kituo cha Ulaya, ECMWF, ambayo ni miongoni mwa zilizo bora duniani, huigawa dunia katika vyumba vyenye upana wa kilomita 9 hivi, na programu nyingi za bure za simu hutumia data yenye vyumba vipana zaidi, mpaka kilomita 25 na ushei. Kila chumba kina kimo kimoja cha ardhi. Kutoka Moshi mjini mpaka kilele cha mita 5,895 ni kama kilomita 30 tu, kwa hiyo mlima mzima unasawazishwa kuwa kilima kilicholala, na Kibosho inaingizwa chumba kimoja na mashamba ya mahindi ya tambarare. Hewa ya kwenye modeli haipandi kwa nguvu inayopanda kweli, kwa hiyo mawingu yake hayakami maji inavyopaswa.

Hata taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huandikwa kwa kanda: Arusha, Manyara na Kilimanjaro huwekwa pamoja kama nyanda za juu kaskazini mashariki. Inaposema mvua nyepesi “katika maeneo machache”, mtu wa mteremko wa kusini anatakiwa ajue kwamba mara nyingi yeye ndiye maeneo machache hayo. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo maofisa ugani wangelifundisha kabla ya kumfundisha mtu programu yoyote ya simu.

Kilichoonekana kutoka angani

Kubadilisha jina kutoka Moshi kwenda Kibosho kungesaidia kiasi, lakini kusingemaliza. Katibu alikuwa amefungua pia ramani ya mvua ya setilaiti, ile inayopaka rangi mahali panaponyesha. Saa nne na nusu, wakati maji yanachuruzika kwenye wavu wa meza, ramani ilikuwa nyeupe tupu juu ya Kilimanjaro. Hapa hakuna kosa la jina la mahali. Hapa setilaiti yenyewe ilikosa mvua.

Setilaiti inayotuhudumia saa zote ni Meteosat, ya shirika la Ulaya EUMETSAT. Imekaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikizunguka sambamba na dunia ili itazame upande uleule daima. Kizazi cha pili, kilichoanza kurushwa Agosti 2002, hupiga picha ya dunia nzima ya upande huu kila dakika 15. Kizazi cha tatu, ambacho setilaiti yake ya kwanza ilirushwa tarehe 13 Desemba 2022, hupiga kila dakika 10, na kina chombo cha kuhesabu mimweko ya radi. Kwa bara lenye rada chache za mvua, hili ni jicho lisilo na mbadala.

Jicho hilo haliioni mvua inayoanguka. Linaona sehemu ya juu ya wingu. Kwa miale ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho, linapima joto la kilele cha wingu, kisha hesabu hukisia: kilele kikiwa baridi sana, wingu ni refu, kwa hiyo chini yake pananyesha. Ni kama kujua moto wa jikoni kwa kugusa mfuniko wa sufuria. Kipimo kimoja kinachotumika sana ni nyuzi 38 chini ya sifuri, na kilitokana na vipimo vilivyofanywa mwaka 1974 juu ya Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Afrika, kwenye mawingu makubwa ya radi ya baharini. Kwa mawingu ya aina hiyo kinafanya kazi vizuri.

Wingu la Agosti la Kibosho ni la ukoo mwingine. Wakati wa kipupwe upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Juu yake kuna tabaka la hewa kavu na yenye joto kidogo, linaloyazuia mawingu kukua kwenda juu. Hewa ile ikigonga mlima hulazimika kupanda, hupoa, na wingu zito huutandaza mgongo wake juu ya msitu. Kilele chake kinaweza kuwa kwenye mita 3,000 tu, ambako joto bado liko juu ya sifuri, nyuzi saba au nane hivi. Ndani yake hakuna barafu. Matone hugongana, huungana, huwa mazito na kushuka, na mvua inapatikana bila wingu kufika kokote karibu na nyuzi 38 chini ya sifuri. Kwa hesabu ya infraredi, wingu hilo halina mvua. Kwa meza ya kahawa, lina mvua ya kutosha.

Nilidhani setilaiti za maikrowevu zingeliokoa jambo hili, maana zenyewe hupenya ndani ya wingu. Lakini juu ya nchi kavu njia yao kuu ya kuitambua mvua ni kutazama jinsi vipande vya barafu vilivyo ndani ya wingu vinavyotawanya mawimbi. Pasipo barafu, dalili hiyo haipo. Ipo rada iliyo angani, kwenye setilaiti ya GPM iliyorushwa na Marekani na Japani mwezi Februari 2014, nayo hupima mvua kwa undani wa ajabu. Hata hivyo hupita mahali pamoja kwa nadra, na karibu na mteremko mwangwi wa mlima wenyewe huifunika mvua ya chini. Ramani ya kila nusu saa tunayoiona kwenye simu ni mchanganyiko wa vyanzo vyote hivi. Vyote vitatu vilikuwa na sababu ya kulikosa wingu letu.

Sasa linakuja jambo lililonifanya niandike. Tulipoacha ramani ya mvua na kufungua picha ya kawaida ya Meteosat, ile ya mwanga wa jua, wingu lilikuwepo. Saa mbili asubuhi, wakati maturubai yanakunjwa, picha ilionyesha utando mweupe wenye kingo zinazoonekana vizuri kabisa ukiwa umeshikamana na mteremko wa kusini kutoka Machame kwenda mashariki, na upande wa kaskazini wa mlima ukiwa wazi. Saa tatu ulikuwa umeshuka kuelekea vihamba. Mama aliliona akiwa chini yake, setilaiti ikaliona ikiwa juu yake, na wote wawili walikubaliana. Habari ilipotea katikati, pale picha ilipogeuzwa kuwa namba ya milimita kwa kanuni isiyolijua wingu hili, na simu ikaonyesha ile namba peke yake.

Kwa hiyo siwezi kusema setilaiti haifai kwa Kilimanjaro. Nasema chama kile kilikuwa kinasoma taarifa ya setilaiti isiyokifaa.

Novemba, msimu uleule

Vuli ilipoingia ilileta kipimo kingine. Kijana anayeshika daftari la unyevu alikuwa ameanza kufuatilia picha za Meteosat zinazowekwa wazi mtandaoni, za mwanga mchana na za infraredi jioni. Mchana mmoja wa Novemba, Kibosho ikiwa na jua kali, aliona wingu limechipuka upande wa Pare na Taveta, kilele chake kikizidi kuwa baridi kutoka picha moja hadi nyingine na likisogea magharibi. Alimwambia mama, na safari hii ni mama aliyesita, kwa sababu mlimani hapakuwa na dalili yoyote. Walifunika. Mvua ya radi ilifika nusu saa baadaye.

Hili lilikuwa wingu refu lenye barafu, na setilaiti ililisoma barabara. Mama hakuweza kuliona kwa sababu lilikuwa nyuma ya upeo wake.

Niongeze hapa, kwa ufupi, kwamba hata ile modeli iliyokosea Agosti hula setilaiti. Vipimo vya joto na unyevu wa hewa vinavyochukuliwa na setilaiti zinazozunguka kupitia ncha za dunia huingizwa kwenye modeli kila siku, na bila hivyo utabiri wa siku tatu nne mbele juu ya Bahari ya Hindi, ambako vituo vya kupimia ni vichache mno, usingekuwa na msingi. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilionekana na kufuatwa kutoka angani tangu kilipoanza kwenye Mlango wa Msumbiji mwanzoni mwa Machi, na wataalamu wa Afrika Mashariki wakakitaja kuwa miongoni mwa sababu za masika kuchelewa, kwa kuwa kilivuta unyevu kwenda kusini. Mambo makubwa kiasi hicho yanaonekana. Tatizo letu ni mteremko mmoja.

Kosa la saa moja na kumbukumbu za miaka 40

Kahawa iliyolowa ni hasara ya watu wachache. Lakini kanuni zilezile za infraredi zinatunza kumbukumbu za mvua ambazo watafiti, wapanga mipango ya maji na kampuni za bima ya mazao wanazitegemea. CHIRPS, ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, inaanzia mwaka 1981. TAMSAT, ya Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza, inaanzia 1983. Hesabu za zote mbili hujengwa kwanza juu ya muda ambao vilele vya mawingu vimekuwa baridi. Ikiwa mvua ya kipupwe ya mteremko wa kusini haiingii kwenye hesabu, basi mtu anayeuliza kama mlima unakauka anaweza kupewa jibu la mvua za radi tu, akadhani ni jibu la mvua yote. Maji ya Karanga na Weruweru, ambayo mwisho wake ni bwawa la Nyumba ya Mungu, hayabagui mvua ya wingu lenye barafu na ya wingu lisilo nayo.

Dawa inajulikana: kipima mvua kilichosimamishwa ardhini, kisomwe kila siku, na namba zake zitumike kusahihisha ramani ya angani. TMA, kwa kushirikiana na taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia, imeshatengeneza kumbukumbu za namna hiyo zinazounganisha vituo vyake na setilaiti. Ila usahihisho una mtego wake. Ukitumia vituo vya tambarare peke yake, kama uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na ule wa Moshi, ramani itavutwa kuelekea ukame wa tambarare, na mteremko utazidi kuonekana mkavu. Lyamungu, yalipo makao makuu ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kuna kituo cha hali ya hewa ya kilimo, na thamani yake ni kubwa kwa sababu kiko ndani ya ukanda wenyewe. Zamani misheni na mashamba makubwa ya mlimani yalikuwa na vipima mvua vyao. Vingi vilikufa aliyekuwa akivisoma alipostaafu. Naumia kila ninapofikiria hilo, kwa kuwa daftari la mvua la miaka 30 haliwezi kutengenezwa kwa fedha.

Walichobadilisha

Chama kimeweka jina la mahali kwa kutumia ramani, kwenye uwanja wenyewe. Kabla ya kufunua, kijana hufungua picha ya mwanga, haangalii ramani ya mvua. Utando ukiwa umeshikamana na msitu na unashuka, meza za kahawa iliyo karibu kukauka hubaki zimefunikwa hadi saa tano, na zile za kahawa mbichi hufunuliwa. Mwenye neno la mwisho ni mama wa meza, na jambo hilo limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Vuli, utaratibu hugeuka: picha za infraredi za upande wa mashariki ndizo hutangulia.

Wamenunua pia kipima mvua, wakakisimamisha mbali na migomba ili majani yasikikinge. Kinasomwa saa tatu asubuhi, saa ileile inayotumiwa na vituo vya TMA, ili siku moja namba zao zikihitajika zilingane na za wengine. Tatizo lililobaki ni Jumapili, watu wakiwa kanisani. Mwanzoni walikuwa wanaandika sifuri. Sasa Jumapili isiyosomwa huwekewa mstari, na maji ya Jumatatu huandikwa kuwa ni ya siku mbili, kwa kuwa sifuri ya uongo ingeonekana kama siku kavu na kuzidisha kosa lilelile la setilaiti. Kipima mvua cha pili kimeombewa nafasi kwenye shule ya msingi iliyo karibu na mpaka wa msitu. Mwalimu mkuu amekubali, na kinachosubiriwa ni mtu wa kukisoma wakati wa likizo ya Juni, kwa sababu mvua za kipupwe zinaanza shule ikiwa imefungwa.